Nyuma ya Mgongo wa Ondoga

Ayikoru hakuwahi kutamani kuwa mke wa chifu. Aliolewa na karani. Adriko, mumewe, alikuwa karani katika gombolola, yaani tarafa, ya Ombavu, kwenye barabara itokayo Arua kwenda Koboko. Mchana aliandika wakosaji na walipa kodi, akasikiliza kesi za mbuzi walioingia mashambani mwa watu. Jioni alivua viatu akaingia katika shamba lake la tumbaku. Maisha hayo yalimtosha Ayikoru, na hata mumewe alisema yanamtosha.

Chifu wa wakati ule alikuwa Ondoga, mtu mrefu mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mto, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kugomba. Mwaka 1971 wanajeshi walipoipindua serikali, ikavuma kwamba Ondoga ni mtu wa chama kilichoondolewa. Hakungoja kuulizwa. Alivuka mpaka akaingia Kongo, akatulia katika mji wa soko wa Ariwara. Askari walipofika gombolola walimkuta Adriko peke yake mezani.

"Chifu iko wapi?" mkubwa wao akauliza.

"Sijui, bwana."

"Basi wewe sasa iko chifu."

Shauri likaisha hivyo. Watu wa Ombavu hawakusikia maneno hayo. Waliona tu kwamba Ondoga amekimbia na karani wake amekalia kiti chake kabla hakijapoa, wakasema Adriko alimchongea.

Tangu siku hiyo Ayikoru hakuona raha. Kambi ya jeshi ilitaka ng'ombe, chifu atafute. Kambi ilitaka vijana wa kubeba mizigo, chifu atafute. Gari la jeshi liliponguruma barabarani, mkono wa Adriko ulisimama katikati ya bakuli na mdomo, ukabaki hapo mpaka mngurumo ulipopita. Alikonda hata kola ya shati ikamzunguka shingo kama pete ya mtu mwingine.

Siku moja aliagizwa amlete barazani mwalimu mmoja aitwaye Silvester. Haikusemwa kosa lake. Adriko alirudi nyumbani saa ya chakula, akamwambia mkewe achukue kapu la muhogo ampelekee mke wa mwalimu, na amnong'oneze neno moja tu: aondoke. Ayikoru alikwenda. Kufikia jioni Silvester alikuwa upande wa pili wa mpaka. Kesho yake askari walimwita Adriko nyuma ya ofisi, wakampiga kwa kitako cha bunduki mpaka mtulinga, mfupa wa begani, ukavunjika.

Alipoulizwa alisema ameanguka na baiskeli. Watu walicheka. "Mbwa wa kambi hajui hata kupanda baiskeli," walisema. Kila baraza Adriko alipiga makofi kwa mkono mmoja juu ya paja, maana bega la pili halikuinuka tena, na watu wakaona ni kiburi. Ayikoru alijua kila kitu na hakuruhusiwa kumwambia yeyote, hata shemeji zake, hata mama yake huko Pajulu alikozaliwa.

Mwishoni mwa mwaka 1973 ikatangazwa kwamba machifu watachaguliwa na wananchi wenyewe. Kapteni Sulaiti, mwanajeshi aliyesimamia sehemu zile kutoka Koboko, alikuja kueleza utaratibu. Hakutakuwa na karatasi wala sanduku. Wanaotaka uchifu watasimama uwanjani, na kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, atapanga mstari nyuma ya mgongo wa anayemtaka. Mstari mrefu ndio chifu.

Adriko alimfuata Kapteni mpaka garini. Ayikoru alikuwa karibu, na mtungi wa maji ya askari kichwani, akasikia yote.

"Bwana Kapteni, mimi nimechoka. Bega langu bovu. Naomba safari hii wasimame wengine."

Sulaiti alimtazama kwa upole, kama mtu anayemsikitikia mgonjwa. "Mutu nakataa kiti ya serikali, yeye nakataa serikali. Wewe nakataa serikali?"

"Hapana, bwana."

"Basi wewe nasimama."

Hapo ndipo Ayikoru alipoelewa kwamba mlango wa kutokea ni mmoja tu. Mumewe hawezi kuacha kiti, ila anaweza kushindwa. Lakini ashindwe na nani? Wiki nzima hakuna aliyejitokeza. Kila mwenye akili aliyapima mambo akakumbuka kwamba ana palizi.

Ndipo Ondoga akarudi. Redio ilikuwa imewaita waliokimbia warejee, ikisema yaliyopita yamepita, naye aliiamini redio yake. Alishuka kutoka lori la chumvi akiwa amenenepa, na koti zuri la Kikongo, na mke aliyemwoa huko Ariwara, mwanamke mchanga jina lake Thérèse, na mtoto wao mchanga Régine mgongoni. Watu walimlaki kwa vigelegele. Kabla jua halijakuchwa alikuwa amekwisha kutangaza kwamba amekuja kuchukua kiti chake.

Kesho yake alifika kwa Adriko kusalimia, kama ilivyo heshima. Ayikoru alichinja kuku. Wanaume wawili walikaa kivulini mwa banda la kukaushia tumbaku, naye akawa anasikia maneno yao kutoka jikoni.

"Umenitunzia kiti vizuri, karani," Ondoga alisema, akacheka. "Sasa inuka, mwenyewe amekuja."

"Ondoga, sikiliza," Adriko akasema kwa sauti ya chini. "Tulifanya kazi pamoja. Kuna jambo nataka ulijue kuhusu kiti hiki. Si kile ulichokiacha. Wale watu wa kambi—"

Ayikoru alikuwa ameshika kifuniko cha chungu. Kuku hakuwa ameiva vizuri. Alipakua hivyo hivyo, akatoka haraka na bakuli na maji ya kunawa, akapiga magoti kati yao.

"Karibuni chakula," alisema. "Kinapoa."

Ondoga alinawa, akasifu harufu, akaanza hadithi ndefu ya samaki wa Kongo. Walipomaliza kula Adriko alijaribu tena, lakini sasa Ondoga alikuwa amesimama, koti begani. "Usinitishe, ndugu yangu. Anayeogopa kushindwa ndiye anayeleta maneno mengi." Akaenda zake. Adriko alimtazama mkewe, akautazama mfupa wa kuku wenye damu ndani ya bakuli.

Thérèse hakuwa na mtu Ombavu. Wanawake walimcheka jinsi alivyosema na jinsi alivyofunga kitenge. Ayikoru ndiye aliyemwonyesha kisima chenye maji mazuri, na mahali pa kusaga, na dawa ya majani kwa tumbo la mtoto. Alimpenda, na hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye, kwamba alimpenda kweli.

Siku chache kabla ya kupanga mstari walikuwa wawili kisimani, mtoto Régine amelala juu ya nguo zilizofuliwa. Thérèse akaacha kusugua.

"Mama Emilia," alisema, maana hivyo ndivyo Ayikoru alivyoitwa, kwa jina la binti yake. "Mimi naogopa. Bwana yangu anasema mambo ilikwisha. Wewe ni bibi ya chifu, wewe unajua kushinda batu bote. Niambie kweli. Ilikwisha?"

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka nguo mkononi mwake. Akilini Ayikoru alimwona mumewe usiku wa kipigo, amelala chali, bega limevimba kama papai, akiuma blanketi asipige kelele Emilia asisikie. Alijua kwamba Thérèse akisema neno moja nyumbani kwake, Ondoga anaweza kurudi Ariwara, na kiti kitabaki pale kilipo.

"Ilikwisha," alijibu, akitumia neno lile lile la mwenzake. "Usiogope."

Thérèse alitabasamu, akaendelea kufua.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Watu walijaa uwanja wa soko kutoka kila upande. Kapteni Sulaiti alikaa kwenye kiti chini ya turubai, askari wamesimama nyuma yake. Adriko na Ondoga walisimamishwa wakitazama barabara, migongo yao kwa watu, wakakatazwa kugeuka.

"Sasa mutu yote naenda nyuma ya mutu yake!" Sulaiti akapaza sauti. "Hakuna kelele."

Vumbi lilipotulia, mistari miwili ilikuwa karibu sawa. Wengi walimpenda Ondoga, lakini ukoo wa Adriko ulikuwa mkubwa, na aibu ya kuonekana ukimwacha ndugu yako mchana kweupe si ndogo. Kaka yake Adriko, mzee Obeti, alikuwa akipita na fimbo akiwaita watu wa ukoo kwa majina. Wengine walijipanga nyuma ya Adriko kwa kuogopa tu, kwa sababu ndiye aliyezoeana na askari. Mstari wake ulikuwa unaongezeka. Wa Ondoga ulikuwa umesimama.

Ayikoru alikuwa wa kwanza nyuma ya mumewe, kama ilivyostahili. Aliona jasho likimshuka shingoni, na bega moja lililoning'inia chini ya shati. Hakuwa amepanga alichokifanya. Au labda alikuwa amekipanga tangu siku ya kuku, hata yeye hakuweza kusema. Alitoka kwenye mstari, akakatiza uwanja peke yake mbele ya watu wote, akaenda kusimama nyuma ya mgongo wa Ondoga.

Kisha mwanamke mmoja akacheka, akafuatiwa na wengine. "Hata mkewe!" mtu alisema. "Hata anayelala naye!" Mwanamke wa kwanza akahama, kisha wawili, kisha wake wa shemeji zake, na mwisho wanaume waliokuwa wakitafuta tu ruhusa. Mstari wa Adriko uliyeyuka kama chumvi mvuani. Obeti alibaki na fimbo yake na wazee wachache. Mstari wa Ondoga ulifika mpaka ghala la tumbaku ukapinda.

Adriko hakugeuka. Alikuwa amekatazwa kugeuka. Alisikia nyayo tu.

Sulaiti alicheka mpaka akafuta macho. "Chifu, bibi yako nakimbia wewe!" Kisha akainuka, akamshika Ondoga mkono, akamtangaza. Pembe za agwara zikalia, watu wakacheza, Thérèse akamkumbatia Ayikoru huku analia kwa furaha. "Asante, Mama Emilia," alisema. "Asante sana." Ayikoru aliusikia moyo wa mwenzake ukidunda kwenye kifua chake, akatamani ardhi ipasuke.

Jioni ile shemeji zake walikuja wote. Obeti ndiye aliyesema.

"Mrudishe Pajulu kwa baba yake. Mwanamke aliyekuvua nguo uwanjani hawezi kukupikia."

"Ni mke wangu," Adriko alijibu. "Waliambiwa kila mtu asimame anapotaka, naye akasimama anapotaka."

"Na wewe huna uchungu?"

"Nina usingizi, kaka. Acheni nilale."

Na kweli alilala, usingizi wa mtu aliyetuliwa mzigo, mpaka jua likawa juu. Siku zilizofuata alianza kula. Alirudi shambani. Gari la jeshi lilipopita barabarani bado aliinua kichwa, lakini mkono uliendelea na kazi. Ayikoru hakusalimiwa na shemeji zake, wanawake walimwimbia nyimbo mbaya kisimani, na aliyavumilia yote kwa sababu kola ya mumewe ilianza kujaa tena.

Siku moja walikuwa wakitunga majani ya tumbaku kwenye kamba, Adriko akasema bila kumtazama, "Siku ile nilikuwa na neno la kumwambia Ondoga."

"Siku gani?"

"Siku ya kuku. Ningelimaliza, asingesimama."

Ayikoru alitunga jani moja, kisha jingine. "Ndiyo maana nilileta chakula," alisema.

Adriko aliacha kamba. Aliitazama mikono yake yenye utomvu mweusi wa tumbaku. "Umenitoa mimi," akasema. "Lakini shimo halijafukiwa, Mama Emilia." Halafu wakaendelea na kazi, na jambo hilo hawakulitaja tena.

Ondoga alikuwa chifu mzuri, nani asiyekubali? Aliwakusanya watu wakajenga upya daraja la magogo. Kesi alizikata kwa mzaha na haki. Kambi ilipoagiza ng'ombe mara ya kwanza alitoa mmoja mzee. Mara ya pili aliwaambia waliotumwa, mbele ya baraza lote, kwa ile sauti yake ya kufika ng'ambo, "Waambieni wakubwa wenu kwamba ng'ombe wa watu hawa wana wenyewe!" Watu walishangilia. Adriko, aliyekaa nyuma kabisa pamoja na wazee, aliinuka akaenda nyumbani.

Walikuja siku ya soko, asubuhi, Ondoga akiwa anasikiliza kesi ya wake wenza waliogombania mpaka wa shamba la simsim. Askari walimwambia ainuke. Akawaomba amalize kesi kwanza. Mkubwa wao akatazama saa, akakubali, akavuta kigoda akakaa. Akasikiliza mpaka mwisho. Ondoga alipotoa hukumu kwamba mpaka upite kwenye mti wa mkwaju na mke mkubwa avune simsim iliyokwisha kupandwa, askari yule alitikisa kichwa kukubali. "Hiyo iko haki," akasema. Kisha wakampandisha garini. Ayikoru alikuwa sokoni, aliona. Gari lilielekea Koboko.

Habari zilipomfikia Adriko alivaa shati safi akatoa baiskeli.

"Unakwenda wapi?" Ayikoru akamshika usukani.

"Arua. Nitauliza kwa wakubwa. Mimi nilikuwa chifu, labda watanisikia."

"Watakubakiza hukohuko!"

"Labda." Adriko aliitoa mikono ya mkewe taratibu, kidole kimoja kimoja. "Mtu huyu amekaa mahali pangu. Siwezi kukaa tu nikilima tumbaku."

Alirudi siku ya pili, mzima. Kila ofisi ilimpeleka ofisi nyingine, na ya mwisho ilimwambia hakuna mtu wa jina hilo aliyekamatwa na mtu yeyote. Wiki iliyofuata Kapteni Sulaiti alifika Ombavu. Hakukuwa na uwanja wala mistari. Alimkuta Adriko shambani, akasimama pembeni asiharibu viatu vyake.

"Kiti nataka wewe," alisema. "Kesho wewe nakuja ofisi."

Ayikoru alisikia kutoka kibandani. Alikaa chini. Kwa hiyo yote yale, kuvuka uwanja, kicheko cha watu, neno alilosema kisimani, yamemnunulia mumewe msimu mmoja wa tumbaku.

Thérèse ndiye aliyekuja kwake, si kwa lawama bali kuomba msaada. Hakuwa na mwingine. "Twende Koboko," alisema. "Wewe askari banakujua." Ayikoru hakuweza kukataa. Wakapanda lori pamoja, wakipokezana mtoto mgongo kwa mgongo.

Sulaiti aliwapokea vizuri. Aliagiza soda. Alimchekea mtoto. "Ondoga nakimbia," alisema. "Anapita Oraba, anaingia Sudan. Yeye mutu ya kukimbia, si alikimbia kwanza? Bibi, wewe ngoja tu nyumbani. Yeye naleta barua."

Thérèse alitoka na matumaini. Akataka waende Oraba hapohapo, wakaulize. Pale mpakani, malori yalikuwa yamepanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Kaya, upande wa Sudan, na pembeni mwanamke wa Kisudani aitwaye Natalina aliwauzia madereva chai. Alikuja kama mkimbizi wakati wa vita vya kwao, na vita vilipokwisha akabaki palepale. Thérèse alimweleza: mtu mrefu, koti la Kikongo, sauti kubwa.

Natalina aliwaangalia wote wawili, akaangalia mtoto. Aliwavuta nyuma ya lori. "Mama, mimi niko hapa asubuhi mpaka jioni, tangu zamani," alisema polepole. "Mtu kama huyo ningemwona. Wanakuja wanawake wengi kuniuliza. Wote waliambiwa, mume wako alipita Oraba." Akatikisa kichwa. "Hapa hawapiti."

Aliwapa chai. Thérèse hakunywa.

Walikaa kando ya barabara kungoja lori la kurudi. Vumbi jekundu liliwafunika miguu. Régine alilia, akanyonya, akalala. Thérèse alikuwa akitazama mbele, na aliposema sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Uliniambia ilikwisha."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

Ayikoru angeweza kusema hapana. Hakuna aliyemsikia kisimani siku ile, na mwenzake alikuwa anataka kuamini. Lakini alishachoka kabisa.

"Nilijua," alisema. "Walimvunja Baba Emilia mtulinga. Hakuanguka na baiskeli. Nilitaka atoke. Nilitaka aishi."

Malori mawili yalipita kwenda upande mwingine.

"Na mimi," Thérèse alisema mwishowe, "nilitaka wangu aishi."

Lori lilipokuja alipanda mbele na dereva. Ayikoru alipanda nyuma juu ya magunia. Walipofika Ombavu Ayikoru alishuka, akazunguka mpaka mlango wa mbele ampokee mtoto. Thérèse hakushuka. Alimwambia dereva aendelee Arua. Kutoka Arua alivuka kwenda kwao, na nguo alizokuwa amevaa ndizo alizoondoka nazo. Ayikoru alikusanya vitu vyake vyote, masufuria, vitenge, redio ya Ondoga, akamkabidhi Nestor, mchuuzi wa Kikongo aliyepita na samaki wakavu. Nestor alivifikisha. Hakurudi na salamu.

Adriko alikaa kwenye kiti kile mpaka mwaka 1979. Waliookoka kwa mkono wake hawakujua kwamba ni yeye, na wale ambao ndugu zao hawakuokoka walijua ni nani aliyekuwa chifu. Serikali ilipoanguka na jeshi la washindi likawa linakaribia Nile, watu wa Arua na Koboko walianza kukimbia, askari na wasio askari, na mtu aliyekuwa chifu ndiye hakuwa na sababu ya kubaki. Adriko na Ayikoru walivuka mto mdogo wa mpakani pamoja na binti yao Emilia, mbuzi watatu na gunia la muhogo. Walipofika Ariwara mbuzi hawakuwapo tena.

Mji ulikuwa umejaa. Watu walilala chini ya mikokoteni. Mvua ilikuwa inanyesha, na Emilia alikuwa na homa. Adriko aliuliza nyumba ya Thérèse, akaongoza. Ayikoru alibaki kwenye njia, mbali, huku maji yakimshuka usoni.

Thérèse alifungua mlango. Alimtambua Adriko, akamwangalia bega. Alimwangalia Emilia aliyekuwa akitetemeka. Mwishowe alitazama kule njiani. Régine, sasa msichana mdogo aliyerithi urefu wa baba yake, alichungulia nyuma ya mama yake akauliza ni akina nani.

"Ni batu ba Ombavu," Thérèse alisema. "Ingieni. Mutalala kwenye nyumba ya samaki."

Akawapa banda la kuhifadhia samaki, likafagiliwa, wakapewa mkeka. Akamtibu Emilia mpaka homa ikaisha. Alizungumza na Adriko, akamwuliza habari za safari yake ya Arua siku zile, ofisi kwa ofisi, naye akamweleza yote aliyoweza kukumbuka. Lakini Thérèse hakumsemesha Ayikoru. Hakumfukuza, hakumtukana. Alimpita tu kama mtu anavyoupita ukuta.

Kila asubuhi Ayikoru alimwamkia. "Umeamkaje, Mama Régine?" Thérèse alichukua beseni lake la samaki akaenda sokoni. Ayikoru alifagia uwanja, akatwanga muhogo wa nyumba nzima, akateka maji. Jioni alimkaribisha kwa salamu nyingine, na jioni pia hakukuwa na jibu. Miezi ikapita hivyo.

Ndugu mmoja wa ukoo wa Adriko aliyekuwa amepata shamba upande wa Aru alimpa Adriko habari kwamba kuna nafasi ya kujenga. Adriko alirudi na habari hizo akiwa na uso mchangamfu. "Tutakuwa na kwetu," alisema. "Utaacha kunuka samaki. Tuondoke wiki hii."

Ayikoru alikuwa akipepeta. Aliendelea mpaka akamaliza ungo ule.

"Tangulieni wewe na Emilia mkajenge," alisema. "Mimi nitakuja."

"Unangoja nini hapa, Mama Emilia? Yule hatakujibu."

"Huenda asijibu."

Adriko alisimama pale na mtulinga wake uliopinda, mtu aliyeishi. Mwishowe aliingia ndani kufunga mizigo, na kesho yake yeye na Emilia wakaondoka.

Asubuhi iliyofuata mvua ilikuwa imekatika. Thérèse alitoka na beseni, akafunga kilemba chake mlangoni. Ayikoru aliweka ufagio chini, akasimama wima.

"Umeamkaje, Mama Régine?"

Thérèse alisita kidogo, akatazama nafasi tupu pale mizigo ya Adriko ilipokuwa. Kisha aliinua beseni kichwani, akashika njia ya soko. Ayikoru akaokota ufagio.